Naomi Alitoka kwa Kibali Gani? Mama Mfanyakazi katika Fasihi Yetu, Akisomwa Kutoka Dzaleka

Katika mitihani ya fasihi ya Kiswahili kuna swali ambalo limezoeleka mno. Maneno yake hubadilika mwaka hadi mwaka lakini kiini chake ni kilekile: mama wa kisasa ameshindwa kusawazisha kazi na malezi, jadili kwa kurejelea vitabu viwili ulivyosoma. Wanafunzi wanalipenda kwa sababu linajibika. Walimu tunalipenda kwa sababu linasahihishika. Mwanafunzi anaorodhesha akina mama waliofaulu upande wa kushoto na walioshindwa upande wa kulia, anahitimisha kwa kuwaasa wazazi, nasi tunampa alama zake. Makala haya yanakusudia kulihoji swali lenyewe kabla ya kuyagusa majibu yake. Nitafanya hivyo kwa kuirejea riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2017), pamoja na kazi chache zilizoitangulia, na kwa kuzingatia namna riwaya hiyo ilivyopokelewa na wasomaji ambao wahakiki wetu hawawafikii mara kwa mara: akina mama wanaozungumza Kiswahili katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe, Malawi.

Nianze na methali, kwa kuwa ndizo zinazotutangulia darasani. Tunaye mshika mawili, ambaye moja humponyoka. Tunaye asiyefunzwa na mamaye, ambaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hizi mbili zikikaa pamoja, hukumu imekwisha kutolewa kabla ya kesi kusikilizwa: mama aliyeshika kazi na mtoto kwa wakati mmoja ataponyokwa na kimojawapo, na kitakachoponyoka ni mtoto, na lawama ni ya mama. Baba hatajwi. Hata hivyo tunayo methali ya tatu ambayo tunaifundisha bila kuisikiliza: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Hapa lugha yenyewe inatamka kwamba malezi ni kazi. Si upendo tu, si wajibu tu, bali kazi, neno lilelile tunalolitumia kwa ofisi na shamba. Lakini chukua fomu yoyote ya shule au ya zahanati. Penye nafasi ya kazi ya mzazi, mwanamke aliyeamka alfajiri akachota maji, akapika, akavisha watoto na kufua, ataandikwa "mama wa nyumbani", na karani akiulizwa baadaye atasema kwamba huyo hafanyi kazi. Tofauti hii kati ya methali na fomu ni jambo la lugha, na ingefaa sisi walimu wa lugha tuwe wa kwanza kuiona.

Mtu anaweza kudai kwamba suala hili ni geni, kwamba limeletwa na shule na mishahara. Sikubaliani. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na alikuwa akimwandikia bintiye. Kwa muda mrefu uhakiki umejikita katika kile anachomwagiza binti huyo kuhusu mume na nyumba, na mabishano juu ya jambo hilo hayajaisha. Linalonivutia mimi ni jingine. Utunzi ni kazi ya akili inayotaka muda, utulivu na ustadi mkubwa wa mizani na vina. Mwana Kupona aliifanya kazi hiyo akiwa mama, kwa ajili ya mtoto, na malezi yenyewe yakawa ndiyo kazi. Hakuweka utunzi upande mmoja na mtoto upande mwingine. Wahakiki waliokuja baadaye ndio waliotenganisha, wakamfanya kuwa mama anayeusia kwanza, na mshairi baadaye.

Katika tamthilia za miaka ya 1980 mgogoro unakuwa wazi zaidi. Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982) inawaonyesha wanawake wa kijiji wanaojaribu kuisimamisha nguzo kwa pamoja, na kila mara nguzo inawashinda kwa kuwa kila mmoja anavutwa na jambo lake: mume, watoto, pesa, msiba. Ni kazi ambayo bado inafundishika vizuri. Nina malalamiko moja tu kuhusu namna tunavyoifundisha. Tunawaambia wanafunzi kwamba nguzo haisimami kwa sababu wanawake hawana umoja. Isome tena, utaona kwamba hawana muda. Umoja ni sifa ya tabia, muda ni jambo la mgawanyo wa kazi, na yule anayekosa kwanza hulaumiwa, anayekosa pili hudaiwa haki. Alamin Mazrui katika Kilio cha Haki (1981) alikuwa mkali zaidi. Lanina anawaongoza vibarua wa shamba la Delamon, na nyumbani anakabiliwa na mume anayeona kwamba uongozi huo umemnyang'anya mke. Mazrui hakumpa Lanina suluhisho la kupanga ratiba vizuri. Alionyesha kwamba bwana shamba na bwana nyumba wanaulalia mgongo mmoja. Serikali ya Kenya nayo ilielewa kwamba tamthilia hiyo haizungumzii shamba moja. Mwandishi aliwekwa kizuizini mwaka uliofuata.

Sasa tuje kwenye Chozi la Heri. Riwaya hii ilisomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya ilipokuwa kitabu cha kutahiniwa, na kwa hiyo imezalisha miongozo mingi kuliko uhakiki. Ni riwaya ya watu waliong'olewa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi, wanaoishi kambini, wanaopoteza jamaa na kuwapata tena. Miongoni mwao ni Lunga, aliyepoteza kazi, na mkewe Naomi. Hali inapokuwa ngumu Naomi anaondoka, anawaacha watoto watatu, Umu, Dick na Mwaliko, mikononi mwa baba yao. Lunga anafariki. Kijakazi wao, Sauna, anawaiba Dick na Mwaliko na kuwapeleka kwa Bi Kangara, mfanyabiashara wa watoto. Umu anabaki peke yake. Baadaye watoto wanapata walezi wapya, na ndugu hao watatu wanakutana tena.

Miongozo mingi inamshughulikia Naomi kwa mistari michache: ana tamaa, hawajibiki, amewatelekeza watoto. Kisha mkono wa mwongozo unahamia kwa akina mama wengine, wale walioolewa vizuri, wenye kazi za heshima, waliowapokea watoto wa wenzao, na sifa zinamiminika. Jedwali limekamilika, swali limejibiwa. Ukisoma hivyo, riwaya inakuwa hadithi ya mama wabaya na mama wazuri. Nakiri kwamba riwaya yenyewe imechangia kidogo, kwa kuwa inamwondoa Naomi kwenye ukurasa kwa muda mrefu na kutuacha na matokeo ya kuondoka kwake. Hatuambiwi ya kutosha kuhusu alivyoishi. Msimulizi anaijua mioyo ya wahusika wengi, lakini mbele ya Naomi anakuwa mchoyo. Hiyo naiona kuwa kasoro ya fani iliyozaa kasoro ya maudhui, na miongozo imeipokea kasoro hiyo kama funzo.

Nilipopata nafasi ya kuisoma sehemu hii pamoja na akina mama wa Dzaleka, wengi wao wakiwa wametoka Kivu na Katanga, na wachache Burundi, nilitarajia mjadala juu ya tabia ya Naomi. Haukutokea. Swali la kwanza, lililoulizwa na mwanamke aliyekuwa akinyonyesha, lilikuwa hili: "Mwalimu, huyo mama alitoka kambini kwa kibali gani?"

Ili msomaji aelewe uzito wa swali hilo, sharti nieleze mahali lilipoulizwa. Dzaleka ilikuwa gereza la wapinzani wa kisiasa katika enzi za Kamuzu Banda, na jina lake hufasiriwa kuwa ni ahadi ya mfungwa kwamba ataacha, hatarudia. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilitamka kwamba vifungu kadhaa itavichukulia kama mapendekezo tu, si wajibu. Miongoni mwa vifungu hivyo ni ajira ya mshahara, kazi za kitaaluma, ulinzi wa sheria za kazi, elimu na uhuru wa kutembea. Kwa lugha nyepesi, mkimbizi anatakiwa kukaa kambini, akitoka awe na kibali, na akisomea ualimu au uuguzi asitegemee kwamba cheti hicho kitamfungulia mlango wa ajira. Mwalimu mkimbizi anayefundisha kambini kwa kawaida hulipwa posho ya motisha badala ya mshahara.

Kwa miaka mingi sheria hiyo haikufuatwa kwa ukali. Watu walikwenda Lilongwe, wakafungua vibanda na maduka madogo, wakapanga vyumba, wakapeleka watoto shule za mjini. Kisha, mwishoni mwa Machi 2023, serikali ikatangaza kwamba wote warudi Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili. Kuanzia katikati ya Mei polisi na wanajeshi waliwakamata mamia mjini Lilongwe, wakiwamo watoto, na wengine walipitia gereza la Maula kabla ya kusafirishwa hadi kambini. Mama aliyekuwa ameyapanga maisha yake hivi, duka mjini, watoto shuleni, na mama mkwe kambini akipokea mgao, alivunjiwa mpango mzima kwa juma moja. Hakuna kitabu cha mashauri kwa akina mama wafanyakazi kinachomsaidia. Hakukosa ratiba. Hakukosa upendo wala bidii. Barabara ya kilomita 45 ilifungwa.

Hapo ndipo mfano wa mizani unapotuangusha. Tunaposema mama asawazishe kazi na familia, tunachora mizani yenye vibia viwili, na mama akiwa ndiye mkono unaoishika. Tunasahau kuuliza nani aliyeitengeneza mizani, na nani anayeweka kidole juu ya kibia. Kwetu sisi wenye ajira rasmi kidole hicho kinaitwa sheria ya kazi. Sheria ya Tanzania ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Ile ya Kenya ya 2007 inampa miezi 3, na baba wiki 2. Sheria ya Malawi ya mwaka 2000 iliweka wiki 8 katika kila kipindi cha miaka 3. Mama wa Malawi mwenye mtoto wa wiki 9 na mama wa Tanzania mwenye mtoto wa wiki 9 hawatofautiani katika uwezo wao wa kusawazisha. Mmoja yuko ofisini na maziwa yanavuja, mwingine bado yuko nyumbani. Na mama wa Dzaleka anayeuza mandazi hana likizo wala hana ofisi ya kumpa likizo. Ukiwauliza wote watatu swali moja la mtihani, utakuwa umewapa mtihani tofauti kwa karatasi moja.

Niliwahi kukaa mbele ya jopo la usaili katika taasisi moja ambayo sitaitaja, nikiwa na shahada yangu ya uzamili mkononi, na nikaulizwa watoto watabaki na nani. Mwanamume aliyetangulia kuingia alikuwa na watoto wanne. Nilimuuliza nje, hakuulizwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja tu: swali la jopo lile na swali letu la mtihani ni ndugu wa toka nitoke.

Nirudi kwa wasomaji wa Dzaleka. Baada ya kibali lilikuja suala la foleni. Walishangaa, na mshangao wao ulikuwa na ladha ya uhakiki, kwamba kambi ya riwaya haina foleni ya kutosha. Wanakumbuka foleni ya maji, foleni ya zahanati, foleni ya kuhakikiwa majina, foleni ya mgao ambao umepungua mara kadhaa. Mama mmoja alihesabu kwa vidole saa alizotumia kwenye foleni juma lile, vidole vikaisha, akaomba vya jirani yake. Kama mwandishi angeandika foleni, alisema, msomaji angejua Naomi alichoshwa na nini. Sidai kwamba riwaya ilipaswa kuwa ripoti. Matei aliandika kuhusu wakimbizi wa ndani ya nchi yao wenyewe, na hali zao si sawa na za mtu aliyevuka mipaka miwili kufika Dowa. Lakini maoni hayo yanatukumbusha kwamba muda ni sehemu ya mandhari. Tunawafundisha wanafunzi kwamba mandhari ni mahali na wakati, kisha tunataja mahali na kuupita wakati. Muda wa mama, unaokatwa vipande na wengine, ndio mandhari halisi ya maudhui haya.

Tena hawakumtetea Naomi kijumla, msomaji asije akadhani hivyo. Mabishano makali yalizuka juu ya watoto, hasa Umu. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwao, alisema kwamba sisi sote tunazungumza juu ya Naomi, na wenzangu wanaandika juu ya Naomi, ilhali mama wa nyumba ile alikuwa Umu. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko yote niliyoyasikia. Katika kambi, mama anapokwenda kwenye ganyu, kibarua cha siku katika mashamba ya wenyeji, au anapotembeza nguo za kaunjika sokoni, anayebaki na wadogo ni binti wa kwanza. Ana miaka 10 au 12. Akikosa shule leo, kesho haoni sababu ya kwenda. Mizani ya mama inasimama, ndiyo, lakini inasimama juu ya mgongo wa mtoto wa kike.

Sisi wa mijini tusijidanganye kwamba tumeliepuka jambo hilo. Mizani yetu inasimama juu ya mgongo wa mtoto wa mtu mwingine, tunayemwita dada, hausigeli, msichana wa kazi, na wengi wetu hatujui jina la mamake. Kwa hiyo ni muhimu kwamba katika Chozi la Heri aliyewaiba watoto ni kijakazi. Miongozo inamtaja Sauna kama mfano wa uovu na kutuonya tuwe macho na tunaowaajiri. Hiyo ni hofu ya mwajiri iliyovaa joho la uhakiki. Sauna mwenyewe ametoka katika nyumba iliyomdhulumu, na alipofika kwa Bi Kangara alikuwa naye ameshageuzwa bidhaa. Kati ya Naomi anayeondoka, Umu anayebebeshwa na Sauna anayeiba kuna mnyororo mmoja wa kazi ya malezi inayohamishwa kutoka mgongo hadi mgongo, kila mara ikitua kwa mwenye nguvu kidogo zaidi. Huu ndio usomaji ambao riwaya inauruhusu na ambao swali letu la mtihani linauzuia. Ningesema hata kwamba hapa riwaya ina busara kuliko msimulizi wake, kwa maana mpangilio wa matukio unaonyesha kile ambacho sauti ya msimulizi inakilaumu.

Kuna jambo la lugha ambalo haliwezi kupita katika jarida la idara kama yetu. Wanawake wale, wanapoeleza shughuli zao, hawasemi "ninafanya kazi". Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo kitenzi ni kutumika: mama anatumika sokoni, baba alikuwa anatumika mgodini. Mwanafunzi wangu mmoja aliposikia hivyo alicheka akasema kwamba hawa wanasema wanatumiwa. Nilimtaka atazame mzizi. Kutoka -tum- tunapata tuma, mtume, mtumwa, mtumishi, utumishi, tumia, tumika. Kamusi za zamani za Kiswahili cha pwani zinaitambua tumika kwa maana ya kuwa katika kazi, kuhudumu, na sisi wenyewe tunao Utumishi wa Umma bila kuona aibu. Ni sanifu yetu iliyoifinya maana hiyo hadi ikabaki ya chombo na dawa. Mkongomani hajakosea, amehifadhi. Isitoshe kitenzi chake kina ukweli ambao "kufanya kazi" kinauficha, kwamba anayefanya kazi yupo chini ya aliyemtuma. Kwa upande mwingine nilibaini kwamba wanawake haohao hawasemi mama "anatumika" anapolea watoto wake. Anatumika sokoni, nyumbani "anakaa" na watoto. Karani wa fomu yumo hata humo.

Hapa pana jambo linalotuhusu moja kwa moja kama walimu. Mwezi Agosti 2019 Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC. Mwezi Julai 2023, wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan mjini Lilongwe, rais wa Malawi wa wakati huo, Lazarus Chakwera, alitangaza nia ya kufundisha Kiswahili katika shule za nchi yake. Wengi wetu tulishangilia, na tukaanza kuhesabu nafasi za kazi kwa wahitimu wetu. Si vibaya. Lakini tazama tarehe. Tangazo hilo lilitolewa wiki chache tu baada ya wasemaji wa Kiswahili kukusanywa mitaani katika jiji hilohilo na kurudishwa Dzaleka. Ndani ya mwendo wa saa moja kutoka wizarani wapo maelfu ya watu wanaoishi kwa lugha hii, na baadhi yao walikuwa walimu darasani kabla ya vita kuwakimbiza. Wengi ni akina mama. Ikiwa siku moja Malawi itawahitaji walimu wa Kiswahili, mama yule wa makamo aliyemwona Umu kabla ya sisi sote anastahili kuitwa kwenye usaili. Kwa sheria ilivyo, kibali cha kutoka kinamkabili kabla ya usaili wenyewe, na akivuka hapo ataambiwa kwamba Kiswahili chake si sanifu. Kikwazo cha kwanza si chetu. Cha pili ni chetu kabisa, tumekijenga kwa mikono yetu, na tunaweza kukibomoa kwa kozi fupi ya miezi michache ya kumwoanisha na sanifu bila kumvua lugha yake.

Nimesikia hoja kwamba kusoma namna hii ni kuigeuza fasihi kuwa sosholojia, na kwamba mhakiki abaki ndani ya matini. Naiheshimu hoja hiyo inapotolewa na mtu anayesoma matini kwa makini. Lakini swali la mtihani nililoanza nalo tayari limetoka nje ya matini. Limekwenda kuchukua dhana ya kusawazisha kutoka kwenye magazeti na semina za maofisini, ambako inauzwa pamoja na ushauri wa kuamka saa kumi alfajiri, na limeirudisha ndani ya riwaya kama kipimo. Kina mama wa Dzaleka walifanya kinyume chake. Waliuliza juu ya kibali, foleni na Umu, yaani juu ya sababu, muda na wahusika. Hayo ni maswali ya matini. Waliyauliza bila istilahi, na yalizaa uhakiki bora kuliko jedwali.

Pale kambini kuna pia tamasha la Tumaini, ambalo tangu 2014 limekuwa likiwaleta watu wa Lilongwe na wa mbali Dzaleka kusikiliza muziki, ngoma na ushairi. Kwa siku chache barabara inatembewa kwa upande wa pili, na akina mama wanaouza chakula hupata siku nzuri. Nalitaja kwa sababu mara nyingi tunaipeleka fasihi kambini kana kwamba huko haipo. Ipo, na aghalabu inatungwa jioni, watoto wakishalala.

Mwaka huu nimebadilisha swali. Nimeuliza: katika Chozi la Heri, kazi ya kuwalea watoto wa Lunga inapita mikononi mwa nani na nani, na kila mmoja anaipokea kwa masharti gani? Majibu yamekuwa marefu na magumu kusahihisha. Wanafunzi kadhaa wamegundua Lunga, kwamba naye alikuwa mzazi, jambo ambalo swali la zamani halikuwa limewahi kuwagundulisha. Wengine wameandika juu ya bibi zao na dada zao bila kuombwa. Kijana mmoja amekataa kabisa mwelekeo wangu. Ameandika kwamba hata tukizitaja sheria zote, na foleni zote, na vibali vyote, bado Naomi anayo deni kwa Umu, na kwamba mhakiki anayemfutia deni hilo anamdharau Naomi kwa kumwona kuwa hana hiari. Kisha amezieleza sura anazozitegemea, moja baada ya nyingine. Nimempa alama ya juu kuliko wote, na nimemwomba aiandike hoja hiyo kwa toleo lijalo.